Vitabu Vinane Bila Mwisho

Sijamsamehe yule muuza vitabu, na asitokee mtu wa kunihubiria msamaha.

Baba yangu alipopofuka aliniagiza jambo moja tu: nimtafutie hadithi ndefu. "Ndefu sana, mama. Ya falme na mazimwi. Fupi zinaniacha mpweke." Alikuwa ameendesha malori miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani Dabani, ninakofundisha shule ya msingi.

Jumamosi moja nikavuka mpaka, nikaenda Busia ya upande wa Kenya kwa muuza vitabu vya mitumba. Alikuwa na mifululizo miwili ya aina hiyo: mmoja wa vitabu saba, mwingine wa vinane. Nikampigia baba simu, nikamsomea ukurasa wa kwanza wa kila mmoja, nikimfasiria kwa Kiswahili alichokizoea barabarani. Ule wa vitabu saba ulianza na mfalme kuuawa. Ule wa vinane ulianza na mwanamke anayemtafuta ng'ombe wake kwenye ukungu.

"Wafalme nimewachoka," baba akasema. "Chukua wa ng'ombe."

"Umekamilika?" nikamuuliza muuzaji.

"Mwalimu, hiki cha nane ndicho cha mwisho. Haki ya Mungu."

Tulisoma mwaka mzima, kila nilipotoka shule. Kitabu cha nane kikaisha yule mwanamke na wanawe wamenaswa pangoni, zimwi likiwa mlangoni. Nikatafuta mtandaoni. Mwandishi hajatoa kingine kwa miaka na miaka, na yu hai, mzima wa afya.

"Mtu na akili zake anaachaje watu pangoni?" baba akafoka, akakataa hata chai.

Nilirudi kwa muuzaji. "Uliniapia!"

Hakuinua hata macho. "Si ndicho cha mwisho alichoandika? Mimi nauza vitabu, siuzi miisho."

Wateja wakacheka. Nilitamani kuipindua meza yake. Lakini ule mfululizo wa vitabu saba ulikuwa bado upo, na baba alikuwa anasubiri. Nikakinyakua kitabu cha saba, nikafungua ukurasa wa mwisho, nikausoma kwa sauti palepale, wote washuhudie kwamba mwisho upo.

Upo kweli. Shida ni kwamba sasa naujua.

Tumefika kitabu cha tatu. Baba amempenda mpishi wa jeshi kuliko wote, na mpishi huyo ndiye anayekufa kwenye ukurasa ule. Jana aliniuliza, "Mama, unadhani atafika kwao?"

"Sijui, baba," nikasema, nikaendelea kusoma.