Jina Nililolifuta

Kutoka upande wetu tulikuwa wawili tu. Mimi nilikuwa mwalimu wa somo la biashara katika shule moja ya sekondari wilayani Biharamulo, yeye alikuwa afisa maendeleo ya jamii kule Ngara. Tulikuwa tunasoma masta ya usimamizi wa biashara Mwanza, kwa awamu: wiki mbili darasani, kisha miezi miwili unarudi kazini kwako na rundo la kazi za kuandika. Basi lake lilipita Lusahunga asubuhi, na lilinikuta nimeshafika kutoka Runazi, nimesimama na begi langu kando ya malori yanayokwenda Rusumo. Siku zote alikuwa ameniwekea kiti. Alikuwa na karanga za kuchemsha alizonunua Nyakahura, na kabla sijakaa vizuri alikuwa ameshanigawia nusu.

Alinizidi miaka kama sita. Nilimwita dada, yeye aliniita mwalimu.

Watu huniuliza masta ile inafundisha nini. Tulisoma masoko, mkakati, mbinu za utafiti, sheria za biashara. Lakini somo nililolipenda kuliko yote ni la kusimamia watu. Mhadhiri wetu alikuwa mama mmoja mpole, aliyefundisha akiwa ameketi. Siku moja alituambia kwamba mfanyakazi aliyekuwa hodari akianza kulegea, meneja asikimbilie adhabu. Huenda hajui afanye nini, huenda hana vifaa, huenda amekata tamaa, huenda ana jambo nyumbani au mwilini mwake. "Muulizeni," alisema. "Kaeni naye chini mumuulize." Niliyaandika yote kwenye daftari na kuyapigia mstari. Dada yangu yule alikuwa ameketi kushoto kwangu, amevua viatu, miguu ameiweka juu ya begi. Niliiona imevimba. Nikadhani ni safari.

Awamu ya tatu tulipewa kazi ya kikundi. Tulikuwa watano, na mimi nilichaguliwa mwenyekiti. Tulitakiwa kueleza kwa nini kiwanda kidogo cha maziwa kilifungwa. Yeye alipewa sehemu ya wafanyakazi, kwa sababu hakuna aliyejua kuzungumza na watu kama yeye. Tukarudi makwetu, tukawa tunakutana kwa simu kila Jumamosi. Jumamosi ya kwanza hakuingia. Ya pili hakuingia. Akatuma nusu ukurasa wenye makosa mengi, hata majina ya idara ameyachanganya. Nilikasirika. Nikamwandikia, "Dada, tunakusubiri wewe tu."

Akajibu, "Nisamehe, mwalimu. Kesho nitatuma."

Kesho yake hakutuma, wala keshokutwa. Siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa saa kumi jioni. Saa nane mchana niliandika ile sehemu mwenyewe, nikafungua ukurasa wa kwanza wenye majina yetu, nikafuta la kwake. Mwenzetu mmoja alinipigia simu, akauliza kama nimeshaongea naye. Nikamwambia sheria za kikundi tulizitunga wote, kwamba asiyeandika jina lake linatolewa, na dada naye alizikubali. Mhadhiri alipouliza kwa nini tumebaki wanne, nilijibu, "Hakushiriki." Akapewa sifuri.

Awamu iliyofuata basi lilipofika Lusahunga nilimkuta amekaa na mtu mwingine. Nilimsalimia. Alikuwa amekonda usoni, sauti yake ndogo.

"Dada, ile kazi," nilianza.

"Sawa tu, mwenyekiti," alisema. "Ulifanya kama tulivyofundishwa."

Hakusema kwa ubaya. Angesema kwa ubaya ningejitetea. Nilikwenda kukaa nyuma, na hadi Mwanza sikumwuliza chochote. Darasani alihamia mstari wa mwisho, karibu na mlango. Siku ya nne hakuonekana. Tukaambiwa amerudi Ngara.

Taarifa ya msiba wake ililetwa na kiongozi wa darasa kwenye kundi la simu, miezi miwili baadaye. Tulikuwa tumebakiza siku chache kuanza mitihani. Tukaandika pole, mmoja baada ya mwingine, na mazishi yakapita bila hata mmoja wetu kuwepo. Katika mtihani wa kusimamia watu lilikuja swali kuhusu mfanyakazi aliyelegea ghafla. Nilijibu kurasa nne. Nilipata A.

Nilikwenda Ngara wiki tatu baada ya mazishi, peke yangu. Baba yake alinipokea barabarani, mzee mrefu mwenye koti la suti lililopauka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mwalimu? Alikuwa anakutaja."

Mama yake alikuwa ameketi kwenye mkeka sebuleni. Kiswahili chake ni cha sokoni tu, basi alisema Kihangaza na mzee akawa anatafsiri. Mimi ni Msukuma, sikuelewa hata neno.

"Anauliza, mtoto wetu alikuwa anasoma nini huko? Alikwisha kuwa na kazi. Masta ni ya nini?"

Nilieleza nilivyoweza. Nilisema tulikuwa tunajifunza kuongoza watu kazini. Kumjua anayefanya vizuri na aliyekwama, kukaa naye chini na kumsikiliza. Mzee alitafsiri taratibu. Mama akasema maneno mengi, mkono ukiwa shavuni.

"Anasema," mzee aliniambia, "mtoto alikuwa anaumwa figo tangu mwaka wa kwanza. Alitukataza kusema, aliogopa ataambiwa aache masomo. Sasa anauliza, huko mlikokuwa mnajifunza kukaa na watu, nani alikuwa anakaa naye?"

Nililia. Nikamwambia mzee yote kwa Kiswahili: Jumamosi mbili, nusu ukurasa, jina nililolifuta, sifuri, safari nzima ya basi bila kumwuliza hali. Mama alikuwa anamtazama mumewe, akingoja. Mzee aliinama. Kisha alimgeukia mkewe, akasema sentensi moja fupi.

Mama aliinuka kwa shida, akaja akashika mikono yangu yote miwili, akailowesha kwa machozi yake. Akaenda jikoni mwenyewe kuniletea ndizi na maharage, nikala.

Wakati wa kunisindikiza nilimwuliza mzee, "Baba, ulimwambia nini mama?"

"Nilimwambia ni wewe," alisema. "Nilimwambia, huyu ndiye alikuwa anakaa naye."

"Lakini si kweli, baba."

"Siku za mwanzo ilikuwa kweli, au siyo? Kiti alikuwa anakuwekea nani?" Alisimamisha bodaboda, akanishika bega. "Yale mengine umenipa mimi. Niachie mimi."

Nilihitimu. Sasa nimekuwa makamu mkuu wa shule, na walimu walio chini yangu husema mimi ni mtu wa kuuliza mno. Mtu akichelewa siku mbili nimeshafika kwake. Hawajui kwa nini, na sijawahi kuwaeleza.

Mwaka jana yule mama wa Ngara alinitumia maharage kwa kondakta wa basi, kiroba kizima. Nilipiga simu kushukuru. Mzee alipokea, tukajuliana hali, kisha nikasikia simu ikihama mkono.

"Mwalimu," mama aliniambia kwa kile Kiswahili chake, neno moja moja. "Asante kukaa na mtoto wangu."

Mzee alikuwa palepale pembeni, nilimsikia akikohoa.

"Asante, mama," nilisema.