Ndizi Zilizokosa Moshi

Tulipangiwa kijiji cha Mabira wawili, mimi na mwenzangu mmoja mrefu kutoka Mwanza, ambaye kila nyumba tuliyoingia aliigonga kwanza kwa kichwa ndipo akabisha hodi. Ilikuwa likizo ya chuo, miaka ile baada ya vita, sabuni ikiwa adimu kuliko sukari na sukari yenyewe haionekani. Chuo chetu kilikuwa kile kinachopokea watu wa darasa la saba na kuwafundisha useremala, uashi na mambo ya maendeleo. Mkufunzi aliposema anayetaka kujitolea kufundisha wanakijiji kupunguza kuni anyooshe mkono, mimi nilinyoosha yote miwili. Nilishaiona miti ya mkoa mzima imejipanga kando ya njia, inanipungia.

Kazi yenyewe ilikuwa kujenga majiko banifu: udongo wa kichuguu, samadi, nyasi zilizokatwakatwa, mdomo mdogo wa kuni, na bomba la udongo la kutoa moshi nje kupitia ukutani. La kwanza tulimjengea bibi mmoja mjane aliyetupa chumba cha kulala.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wajukuu zangu. Mmekuja kunifundisha kuwasha moto?"

"Kuwasha moto mdogo, bibi."

"Mdogo! Mimi nimewasha mkubwa tangu nilipoolewa, na sijaunguza hata paka."

Lakini macho yake yalikuwa yakitoka machozi kutwa kwa moshi, na kuni alizifuata mbali, mpaka bonde la pili. Akakubali. Tukayang'oa mafiga yake matatu, na kwa bidii ya ujana tukayavunja kwa nyundo na kuyashindilia kwenye msingi wa jiko jipya. "Asije akarudi nyuma," alisema mwenzangu.

Jiko lilifanya kazi, tena vizuri mno. Vijiti vitatu viliivisha sufuria ya ndizi na maharage, na moshi ukatoka nje kwa adabu. Jikoni pakawa peupe hata bibi akakiona kijiko kilichopotea tangu mjukuu wake akiwa anatambaa. Kuku waliozoea giza wakatutazama kama tumewavua nguo. Mimi nikalala chali kwenye nyasi zilizotandikwa sebuleni nikifikiria hotuba nitakayotoa nikiitwa Dar es Salaam.

Jumapili mjukuu alikuja kutuita. Huyu ndiye aliyekuwa aolewe Jumamosi iliyofuata. Watu wa bwana harusi wangetoka Chonyonyo kuja kumchukua.

"Bibi anasema mje mpande mguse."

Juu ya jiko, kwenye uchanja wa fito chini ya paa, kulikuwa na mikungu saba ya ndizi za pombe. Nilikuwa nimeiona. Nilidhani imewekwa pale isiliwe na mbuzi. Nikapanda kwenye kigoda, nikaminya. Ngumu kama siku ilipokatwa.

Hapa lazima niungame. Mimi ni mtoto wa Nyakahanga, nyumba ya Walutheri waliookoka wakaokoka tena. Rubisi, pombe ya ndizi, haikuvuka kizingiti chetu. Kwamba ndizi za pombe hukaa juu ya moto zikavuta moshi siku tano au sita ndipo ziive zikamuliwe, jambo ambalo kila mtoto wa jirani alilijua kabla ya kuota meno, mimi sikulijua. Mwenzangu alijua kukausha samaki tu. Kwa hiyo moshi wote wa harusi tulikuwa tumeupitisha kwenye bomba, ukaenda kuwaivisha kunguru.

Bibi alikaa mlangoni, mikono mapajani. "Jumamosi wanakuja wakwe. Shimo la kuvundikia limejaa maji ya mvua. Nitawapa nini? Nitawanywesha huu mwanga wenu?"

"Labda ndizi za jirani, bibi…"

"Mawe, mama yangu! Nimtoe mjukuu wangu kwa ndizi za kuazima? Atakwenda kule aambiwe kwao hata moshi hawana!"

Mjukuu wake alitutazama mmoja mmoja. "Wataalamu. Mmeniokolea kuni, mmenipotezea mume." Alisema kwa mzaha, lakini akafuta jicho kwa kanga, nami moyo ukanishuka hadi kwenye ndala.

Bibi akashika jembe abomoe. Nikapiga magoti mbele ya jiko. "Bibi, usibomoe. Moshi tutautengeneza sisi."

Tukaliziba lile bomba kwa kipande cha mgomba na sweta la mwenzangu. Tukasokomeza nyasi mbichi, majani ya mikaratusi, maganda ya migomba yaliyolowa, na kuni juu yake ili moto usizime. Lile jiko letu la kisasa likawa joka. Tulipuliza kwa zamu, kutwa, tukikohoa kama wazee wawili wanaogombana. Kuni tulizokuwa tumeziokoa ziliisha siku ya pili. Siku ya tatu tulikwenda wenyewe bonde la pili, wahifadhi wa misitu, kila mmoja na mzigo kichwani, na wanawake tuliokuwa tumewahutubia wakatupisha njia kwa heshima kubwa mno.

Jumatano moshi ulipenya nyasi za paa pande zote. Majirani wakaona nyumba inaungua, wakaja mbio na vibuyu vya maji. Wa kwanza alimmwagia mwenzangu. Katikati ya makelele nikasikia kengele ya baiskeli: mkufunzi, amekuja kukagua.

"Liko wapi jiko lisilo na moshi?" akauliza kutoka nje.

"Hili hapa, mwalimu!" mwenzangu akaitika kutoka ndani. "Shika ukuta, njoo kushoto!"

Mkufunzi akaingia akipapasa. Sikumwona uso. Nilisubiri kufukuzwa chuo, lakini bibi akatangulia: "Usiwaseme wajukuu zangu, waitu, nakuomba. Jiko lao linapika kwa vijiti vitatu, kweli kabisa. Hizi kuni nyingine zote ni za ndizi. Nina harusi Jumamosi."

Kisha kigoda kikalia. Mkufunzi alikuwa amezaliwa huku huku. Alikuwa amepanda juu, anaminya ndizi, mkungu baada ya mkungu.

"Upande wa mlangoni bado," akasema. "Nani anapuliza? Sogea." Akavua koti.

Alhamisi ziliiva. Wanaume wakazikanyaga kwa nyasi, bibi akatia mtama, na Jumamosi rubisi ilikuwa inachemka yenyewe kwenye mtumbwi wa pombe. Wakwe wakafika, wakaketi kwenye nyasi mpya. Baba wa bwana harusi akapewa kibuyu cha kwanza. Akavuta kwa mrija, akalamba midomo. Bibi alikuwa ameshika ukingo wa kanga yake. Mimi nilikuwa nimeshika mkono wa mwenzangu bila kujua.

"Ina moshi," mzee akasema.

Bibi akauvuta ukingo wa kanga mdomoni.

"Ina moshi sana." Akavuta tena, funda refu. "Hii ni nyumba yenye kuni. Mleteni binti."

Vigelegele vikapasuka. Bi harusi alipita karibu yangu, kajifunika, akaninong'oneza: "Oga, mtaalamu." Nilijaribu, kwa majani ya mpapai, maana sabuni haikuwepo. Nyumbani, baba yangu alininusa mlangoni kwa muda mrefu sana, akashindwa kuamua ni dhambi gani.