Fundi cherehani anayejitafuta kila asubuhi

Saa moja asubuhi, kabla hajafungua hata dirisha la karakana yake, Bobini anajitafuta. Anaandika kwenye simu kwa kidole kimoja: fundi cherehani. Ukurasa wa kwanza hayumo. Wa pili hayumo. Ukurasa wa nne anajiona, katikati ya muuza vitambaa na tangazo la magodoro.

"Leo nipo wa nne," anasema. "Jana nilikuwa wa sita. Usiniulize nimefanya jema gani usiku kucha. Nililala."

Wateja ndio waliombandika jina hilo la Bobini. Kila cherehani inayoletwa, huanza kwa kuchomoa bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, na kukinusa. Harufu ya mafuta, anasema, humweleza mashine imekaa muda gani bila kushona. Kazi hiyo ya kutengeneza cherehani ameifanya miaka kumi na tisa, katika chumba hiki hiki chenye upana wa hatua tano, mikanda ya ngozi ikining'inia ukutani.

Kwa miaka mitatu, aliyeandika maneno yale mawili mtandaoni alimwona yeye kwanza. Alikuwa akipokea cherehani kumi na nne kwa wiki. Mwezi wa pili mwaka huu, bila kelele, akatoweka. Wiki iliyopita alipokea tatu, na moja ilikuwa ya jirani.

"Hali ikiwa hivi hadi mwisho wa mwaka, nafunga," anasema, na kugeukia mkanda uliolegea.

Amewaandikia barua sita wenye mtambo wa kutafutia mtandaoni. Majibu yote sita yanafanana hadi nukta: matokeo hupangwa kwa kuzingatia vigezo zaidi ya mia mbili.

"Nikawaambia, nitajieni kumi. Kimya. Basi vitano. Kimya. Cherehani ikikata uzi namwonyesha mteja: tazama, sindano imepinda. Mimi nimepinda wapi?"

Saa saba anaingia wifi yake, karani wa bohari, aliyemwandikia tangazo lake mtandaoni. Anamkuta tena na simu mkononi.

"Wifi, unajitafuta mara ngapi kwa siku?"

"Kama ishirini hivi."

"Na ukijiona, unabonyeza?"

"Nibonyeze ya nini? Kwangu napajua!"

Wifi anashika kiuno. "Makubwa! Kumbe mchawi wako ni wewe. Mara ishirini unauambia mtambo kuwa watu wanakuona na kukupita."

Bobini anakaa juu ya kreti, bisibisi mkononi. Ni kweli? Wifi hajui, alisikia kazini. Mwandishi alipowauliza wataalamu wawili wa mitandao, wa kwanza alisema inawezekana. Wa pili alicheka, kisha akakiri kwamba hata yeye anabahatisha, kwa sababu aliye nje ya kampuni haruhusiwi kuzisoma kanuni hizo.

"Kwa hiyo huenda nimejifukuza mwenyewe," anasema Bobini. "Au sikufanya lolote. Sasa nijute au nisijute?"

Wanakubaliana: siku thelathini asijitafute. Wifi anaitia simu mkobani na kufunga zipu kwa madaha. "Atakayepiga nitampokea mimi. Wewe shughulika na sindano."

Saa tisa kasoro, mwanamume anasimama mlangoni, amekumbatia saa kubwa ya ukutani.

"Samahani, dada. Fundi saa ndiye wewe?"

"Nani kakwambia?"

"Simu. Nimeandika fundi saa, ukatokea wa kwanza kabisa."

Bobini anamtazama wifi. Wifi anautazama mkoba.

"Toa hiyo simu."

"Siku thelathini, wifi! Hata saa mbili hazijaisha!"

"Sijitafuti mimi. Namtafuta fundi saa."

Wifi anaandika mwenyewe. Bobini yumo kweli, juu kabisa, na picha ya mlango wake wa buluu. Hajawahi kutengeneza saa maishani. Hata ya kwake imesimama.

Wanacheka hadi wifi anafuta machozi. Mwenye saa, asiyejua kinachochekwa, anauliza kama aiache au aondoke nayo.

"Iache," Bobini anamwambia. "Nitaifungua niione tumbo. Nikishindwa nakurudishia, bure."

Kisha anavuta karatasi. Barua ya saba, anasema, itakuwa fupi na ataipeleka kesho: wamtajie aliyewaambia kwamba yeye hutengeneza saa. Akishamjua huyo, atamwomba awaambie na habari za cherehani.