Kengele Kubwa ya Mtaa wa Chini

Mpiga kengele wa mtaa wa chini ni bibi mfupi, mwembamba kama ufito, na viganja vyake vimeota sugu za kamba. Kila Jumamosi huwasugua masikio simba wa mawe wanaolinda mlango wa kanisa, huku akiwatukana njiwa kwa sauti ya kukwaruza. Kisha huipaka nta kamba ya kengele kubwa, ile ambayo hupigwa tu mtaa ukishinda mbio za kusukuma mapipa ya divai hadi kileleni mwa kilima cha mji. Haijalia tangu nywele za bibi zilipokuwa nyeusi. Gualtiero, muuza nyama wa mtaa wa juu, hachoki kumchokoza: "Bibi, kengele bado mnayo, au mmeshaiyeyusha mkaifanya sufuria?" Yeye huzidisha nta tu.

Mwaka huu pipa la mtaa wa chini lilitangulia kufika. Vijana wakaja mbio kanisani, jasho likiwatiririka. "Bibi, tuachie sisi, nzito hiyo!"

"Nani kawaambia nimechoka?" Akavua viatu, akatema mate viganjani, akavuta. Kimya. Akaning'inia kwenye kamba kwa uzito wake wote. Ndipo shaba ikanguruma, vumbi likamwagika, na kamba iliporudi juu ikamnyanyua, miguu ikielea hewani. Wakamsihi aachie. Thubutu! Alicheka kama msichana, akapaza sauti kupitia mlango uliokuwa wazi, kuelekea mtaa wa juu:

"Gualtierooo! Njoo upakue, sufuria imechemka!"