Ngoma Iliyotoka Kabla ya Moto

Hazel Gilliland hakuwa mtu wa maneno mengi, isipokuwa kwa jambo moja. Mguse kwenye moto wa Mtaa wa Derrinor, utakaa naye mpaka chai ipoe. Kijiji kizima tuliijua habari hiyo. Agosti ya mwaka 1971 Belfast ilikuwa inawaka, Wakatoliki na Waprotestanti wanahamishana kwa mawe na petroli. Nyumba ya kina Gilliland, Waprotestanti, ikateketea yote, na ndani yake likaungua gauni la harusi la Hazel, aliyekuwa aolewe Septemba. Waliochoma, alisema baba yake, ni vijana wa kina Magennis, Wakatoliki wa mlango wa pili. Na gauni lenyewe, sasa sikia, lilishonwa na dada yao, Dympna Magennis, rafiki yake Hazel wa kufa na kuzikana.

"Alinipima kiuno kwa mikono yake," Hazel alikuwa akisema. "Halafu kaka zake wakaja kunichomea."

Hakumwona tena Dympna. Familia ilihamia hapa kijijini kwetu, kwa shangazi, na Hazel akaolewa Oktoba kwa gauni la kuazima. Alipika shuleni mpaka akastaafu, akamzika mumewe, na miaka yote hiyo hakununua hata kibiriti kwenye duka la Mkatoliki. Binti yake alipoleta nyumbani mchumba Mkatoliki aitwaye Malachy, Hazel alimkaribisha kijana wa watu, akamkatia keki, na jioni ile ile akamwambia binti achague. Binti alichagua. Sasa yuko Kanada, na wajukuu Hazel anawajua kwa sauti ya simu wakati wa Krismasi. Tulimwonea huruma, lakini tulisema ana haki. Mtu aliyechomewa ana haki, ndivyo tulivyosema.

Mwanzoni mwa Julai mwaka jana maktaba moja ya Belfast iliwaita wazee wa Mtaa wa Derrinor, wa pande zote mbili, waje waseme wanachokumbuka, kwa sababu kuna jiwe la ukumbusho litawekwa pale. Hazel alivaa koti lake la kanisani akapanda basi. Alikwenda kuhakikisha jiwe hilo halitaandikwa uongo.

Kila mtu alikuja na moto wake. Mzee mmoja Mkatoliki alisimulia walivyochomewa miaka miwili kabla, Mprotestanti mmoja akamkatiza kwamba hao walianza wenyewe, wakatupiana maneno mpaka mama wa maktaba akagonga meza. Hazel akasimama akasema ya kwake, gauni na vijana wa Magennis, akakaa. Hapo safu ya nyuma akainuka mwanamke mnene mwenye fimbo ya kutembelea. Hazel alimjua kwa vile alivyoubana mkoba kwapani, kama enzi zile.

"Hazel," akasema Dympna, "ngoma ya baba yako iko wapi?"

"Ngoma inahusu nini hapa?"

"Nijibu tu, mpenzi. Ipo?"

"Ipo. Iko kwa kaka yangu Mervyn."

"Basi ilitokaje kwenye moto?"

Waliokuwemo wote wanaijua Lambeg, ngoma ya maandamano ya Waprotestanti. Ni pana kama meza ya kulia, ina ngozi ya mbuzi huku na huku, na hakuna anayetoka nayo mbio nyumba ikiwaka. Ile ya mzee Herbert Gilliland ilikaa sebuleni kwao, na kuitoa kulitaka watu wawili na subira.

"Niliiona ikitoka," Dympna akaendelea. "Jumatatu, ndiyo kwanza kunakucha, nimesimama dirishani kwetu. Baba yako huku, Mervyn huku, wameifunika blanketi utadhani wanampeleka mgonjwa. Wakaipakia kwenye lori la makaa. Baba yako akarudi ndani na dumu la mafuta ya taa, akatoka mikono mitupu. Upande wenu wote walifanya hivyo, nyumba kwa nyumba, ili sisi tusije tukalala humo mkishaondoka. Kaka zangu walikuwa juu ya paa letu na ndoo za maji."

"Mwongo wewe."

"Sawa, niite mwongo. Lakini nilikuja kijijini kwenu kukueleza. Nilikuletea shela yako ya kichwani, maana ilikuwa imebaki kwangu naitia lesi. Mama yako akanizuia mlangoni, akasema hutaki hata kuniona."

"Mimi? Sikujua kama ulikuja," Hazel akasema. Kisha akachukua koti lake, akatoka bila kuaga mtu.

Ndani ya basi alimtukana Dympna kimoyomoyo njia nzima, lakini ngoma ilikataa kumtoka kichwani. Ameiona maisha yake yote. Amemwandalia sandwichi baba yake akitoka kuipiga. Na sisi je? Kila Julai tunaisikia ikitetemesha vioo vya madirisha, tunaambiana hiyo ni ya marehemu Herbert, ya tangu Mtaa wa Derrinor, tunajivuna nayo. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuliza imetokaje kwenye nyumba iliyoungua yote. Tulikuwa tunajua la kusema kuhusu moto, basi hatukuwa na haja ya kuuliza.

Alishuka akaenda moja kwa moja kwa Mervyn. Alimkuta gerejini akikaza kamba za ngoma hiyo hiyo, akiiandaa kwa maandamano ya Julai kumi na mbili.

"Mervyn, siku ile ngoma ilitokaje ndani?"

Mervyn hakuuliza siku gani. Hilo peke yake lilimtosha Hazel. Alitafuta kopo la rangi akaketi juu yake.

"Nani kakwambia?" akauliza Mervyn.

"Nakuuliza wewe."

"Mambo ya zamani hayo, dada. Mzee yuko kaburini, mwache apumzike. Mtaa mzima ulikubaliana, na lori lilikuwa moja. Kila nyumba ilipewa nafasi ya kitu kimoja kikubwa."

"Na gauni langu? Gauni lina ukubwa gani, Mervyn? Si ungelitia kwapani tu?"

Mervyn akakaza kamba nyingine, taratibu, hamtazami. "Baba alikataa. Alisema tukilitoa utajua. Na ulikuwa umeshikilia Dympna asimame nawe kanisani, Mkatoliki, mbele ya wenzake wote wa chama cha Orange. Akasema acha liungue, litamaliza yale maneno."

"Mama alijua?"

"Tangu Jumapili. Kwani ulidhani kwa nini alikuchukua mkalale siku mbili kwa shangazi, na vikombe vyake vya harusi kikapuni?"

Hazel alikikumbuka kikapu kile. Alikibeba yeye mwenyewe mpaka kituo cha basi, akilalamika ni kizito, na mama yake anamwambia angalia usikigongeshe. Walikuwa wameokoa vikombe. Waliokoa ngoma. Yeye walimwachia majivu na adui wa kumchukia, na wakamtazama akimchukia, mwaka hadi mwaka, wakimpitishia sukari mezani.

"Nilimfukuza mwanangu," akasema. "Kwa moto wa baba. Na wewe ulikuwepo siku ile Malachy alipokuja, Mervyn. Ulikula keki yangu."

"Ningesema nini?"

"Ungesema."

Mervyn akafuta mikono kwenye suruali. "Usiniaibishe, Hazel. Maandamano ni wiki ijayo. Tutapita kwako kama kawaida. Utatuwekea chai, siyo?"

Hazel akatoka gerejini. Alikwenda nyumbani akalia kwa hasira mpaka sauti ikakauka, kisha akatafuta namba ya Kanada. Walichoongea na bintiye sikijui, na sijauliza.

Hapa kwetu, kila Julai kumi na mbili asubuhi, sikukuu ya Waprotestanti, wanachama wa Orange, chama chao, hutoka ukumbini na kofia zao nyeusi na mikanda ya rangi ya chungwa shingoni, ngoma mbele, wakapite kijijini kabla ya kupanda mabasi kwenda kwenye maandamano makubwa. Hufika kwa Hazel wakasimama, Mervyn akaichapa ile ngoma kwa fimbo zake za mwanzi kwa heshima ya baba yao, na Hazel akatoka na sinia. Lakini iko desturi nyingine, kubwa kuliko hiyo. Nyumba iliyoteremsha mapazia mchana ina maiti ndani. Ukiiona hivyo ngoma inanyamaza, kofia zinavuliwa, na hakuna anayevunja hilo, hata awe mlevi.

Siku hiyo walikuja ngoma ikinguruma. Walipokata kona, mapazia ya Hazel yalikuwa yameteremshwa yote, juu na chini. Mpiga filimbi akaacha. Mervyn alichapa mara mbili zaidi, peke yake, maana alijua hakuna aliyekufa, mpaka watu wakamgeukia kwa kumshangaa, naye ikambidi ashushe fimbo. Barabara nzima ikawa kimya. Tuliokuwa malangoni tuliinamisha vichwa.

Mzee Uprichard, mkuu wa chama, rafiki wa marehemu Herbert, alisogea na kofia mkononi akagonga. Hazel alifungua. Alikuwa amevaa nguo nyeusi.

"Pole sana, Hazel. Samahani, hatukuwa na habari kabisa. Nani amefariki?"

Hazel alimtazama kaka yake pale barabarani, amefungwa ile ngoma tumboni kwa mikanda yake, asiyeweza kwenda popote.

"Muulize Mervyn," akasema.