Dawa ya Kutokufa ya Baba Lydie

Siku hiyo Chibalonza aliikuta tena sufuria yake ya ugali imejaa majani. King'ora cha moshi kilikuwa kinapiga kelele darini, na mumewe Balagizi amepanda kiti, anakipepea kwa taulo kama mtu anayefukuza nzi. Chibalonza alivua viatu vya kazi mlangoni akaenda moja kwa moja kuoga, maana mwanamke aliyetoka kuwatunza wazee kutwa nzima, na corona imetanda Sydney yote, hana nguvu ya kugombana kabla hajaoga.

Aligombana baada ya kuoga.

Ilikuwa Agosti 2021, na mtaa wao wa Mount Druitt ulikuwa umefungwa kuliko hata mitaa mingine. Ghala la vifurushi alikofanya kazi Balagizi lilimpunguzia siku zikabaki tatu, na zile nne za nyumbani alizitumia kumchosha mkewe. Alikuwa na miaka hamsini na saba, ana sukari, na chanjo hataki. Kila akitajiwa alisema anangoja. Anangoja nini? Dawa yake iive.

Kosa, kama litatafutiwa mwenyewe, ni la padri mmoja wa Bukavu aliyemfundisha Balagizi zamani. Padri huyo alilisimulia darasa hadithi ya mnakili vitabu wa Paris, karne nyingi zilizopita, aliyepika na kuchuja madini miaka ishirini na moja, mkewe akimchochelea moto, mpaka akapata jiwe la kugeuza risasi kuwa dhahabu na dawa ya kumfanya mtu asife. Eti wezi walipofukua kaburi lake walilikuta tupu. Padri aliisimulia ili wanafunzi wawacheke watu wa namna hiyo. Balagizi akaishika hadithi yote, kicheko akakiacha darasani. Naye baadaye akawa mwalimu wa historia, Mungu awasaidie wanafunzi wake.

Sasa alichemsha majani ya mikaratusi ya bustani ya jirani, tangawizi, vitunguu saumu, na majani fulani machungu aliyoletewa na mwenzake wa ghalani, Térence, anayekaa Cabramatta kwenye maduka ya Wavietnamu. Balagizi aliyaita kongobololo, kama majani ya dawa ya kwao Bukavu, ingawa muuzaji wa Kivietnamu bila shaka alikuwa na jina lake. Nyumba ilinuka mpaka mapazia. Chibalonza alimwandikishia chanjo mara mbili. Mara ya kwanza Balagizi alisema kichwa kinamgonga. Mara ya pili alitoweka asubuhi akarudi mchana na mfuko wa majani. Mkewe akamweleza habari za mzee mmoja wa kule kazini, mwenye sukari kama yeye, aliyepakiwa kwenye gari la wagonjwa huku akipunga mkono, na hakurudi. Balagizi alisikiliza vizuri, akatikisa kichwa kwa huruma, akaenda kuongeza moto.

Juu ya hayo yote, tumbo nalo likaanza kumsumbua Chibalonza. Kule kazini, ukiharisha tu, unarudishwa nyumbani na kuchokonolewa pua. Alirudishwa mara tatu mwezi huo. Mara zote tatu hana corona, na mara zote tatu Balagizi ndiye aliyempeleka kupimwa, macho hayatoki barabarani. Usiku Chibalonza alilala na hofu kwamba ana ugonjwa mwingine, mbaya zaidi, ambao vipimo haviuoni.

Aliyeugundua ugonjwa ni Jepchumba, nesi wa Kenya anayefanya naye zamu. Alijimiminia chai kidogo kutoka kwenye chupa ya Chibalonza, akanywa funda moja, akalitema kwenye sinki.

"Chiba, hii ni chai ama ni dawa ya kuosha ng'ombe?"

Chibalonza akaonja tena, polepole. Wiki nne mumewe alikuwa amemwandalia chupa ile kila alfajiri, kajaza asali, akimwambia ni tangawizi kali ya Cabramatta. Na yeye, pua yake imekwisha kuzoea ile harufu ya nyumbani, alikuwa amekunywa.

Jioni hiyo hakuoga kwanza. Aliiweka chupa mezani mbele ya Balagizi na kumuuliza ni nani aliyemruhusu kumnywesha uchafu mtu mzima. Alisema mengi, na yote yalimstahili mumewe. Alisema amerudishwa nyumbani mara tatu kama mwizi. Alisema ameshaanza kumwaza mtoto wao Lydie, aliyeko Perth na mipaka ya majimbo imefungwa, asije akamzika mama yake kwenye simu. Balagizi aliyapokea yote ameinamisha kichwa.

"Mu ile hadithi," alisema mwishowe, "bibi yake, ule wa kuchochea moto, naye kaburi ilikuwa tupu. Alimupatia ile dawa. Kila siku unaingia mu ile nyumba ya bazee, Mama Lydie. Ukifa, mi nitabakia na nani huku?"

Hasira ya Chibalonza haikuondoka, ila ilikosa pa kukaa. Mwezi mzima amemlilia mtu huyu asife, na kumbe mtu huyu naye anamlilia yeye, kwa sufuria. Alichukua kikombe, akakijaza kile kitu, akakinywa chote bila kukunja uso.

"Ya kwako nimekunywa," alisema. "Kesho ya kwangu."

Kesho yake alimpeleka mwenyewe kuchanjwa, kamshika mkono wa shati, asije akatoroka. Nesi alipouliza kama kuna dawa nyingine anazotumia, Balagizi akaanzia Paris. Foleni ikarefuka mpaka mlangoni, Chibalonza akaomba ardhi immeze, na nesi, mtu wa subira kuliko yeye, akaandika tu: mitishamba. Kisha akamchoma. Balagizi hakutikisika.

"Na hii inalinda miaka mingapi?" aliuliza, pamba ikiwa begani.

Nesi akamweleza arudi baada ya wiki tatu kwa ya pili. Baada ya hiyo, hakuna anayejua kwa hakika. Labda miezi sita, halafu huenda watahitaji nyingine.

Balagizi akamgeukia mkewe amekunja uso, kama mtu aliyeuziwa kitu kibovu. "Miezi sita tu?"

Chibalonza alihesabu kwa vidole. Wiki tatu, kisha miezi sita: Machi. Alijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho alikuwa na hakika kwamba mtu huyu atafika Machi akiwa hai, akashindwa, na barakoa ikaanza kumlowa mashavuni.

"Inatosha," alisema. "Shikilia pamba, Baba Lydie. Ikiisha tutakuja tena."