Sista Mektrida wa Kibosho, Mwalimu wa Watoto Wasiotulia

Alizaliwa tarehe 9 Mei 1963 huko Kibosho, mtoto wa tano wa Sylvanus na Bernadetha, wakulima wa kahawa na ndizi, akabatizwa kwa jina la Mektrida. Tangu utoto alikuwa mkali kwa nafsi yake: akichelewa Misa kwa sababu ya matope, alisimama nje ya mlango hadi mwisho bila mtu kumwamuru. Aliingia utawani akiwa na miaka kumi na tisa, akaweka nadhiri mwaka 1987, na baada ya kuhitimu ualimu akapewa darasa la kwanza katika shule ya parokia. Ukali aliojifanyia mwenyewe akawafanyia na watoto, akiamini kwa moyo mweupe kwamba ndiyo njia ya kuwalea.

Wito wake wa kweli ulimjia kwa njia ya aibu. Mwaka 1994 darasani mwake alikuwamo binti wa miaka saba, Stella, ambaye kila rimu ya gari ilipogongwa kutangaza kipindi aliziba masikio, akajificha chini ya dawati na kutafuna mkono wa sweta. Sista alimwita mkaidi. Siku moja akamchapa viganjani mbele ya wenzake. Mtoto akajikojolea, na tangu hapo hakuonekana shuleni. Wiki ya tatu Sista alishindwa kusali. Akapanda kwa miguu hadi nyumbani kwa mtoto, akamkuta mama yake, Pamela, jikoni akimenya ndizi. Pamela alimpokea kwa heshima zote, akampa kigoda, kisha akamwambia bila kupandisha sauti: "Sista, mwanangu si mkaidi. Mlio ule unamuuma kama kidonda. Wewe ulimpiga kwa sababu anaumia." Sista akapiga magoti penye majivu, akamwomba mtoto msamaha. Stella alimtazama tu, naye Sista akakubali kutojibiwa.

Hakushika fimbo tena. Muhula mzima alikuwa akiwachunguza watoto, mmoja mmoja, kama mtu anayejifunza kusoma upya. Aliyeshindwa kukaa alitulia akishabeba ndoo ya maji; mwingine, akiwekewa kifuko cha mchanga mapajani. Yule ambaye penseli ilimponyoka kila mara aliweza kuishika ilipoviringishiwa gome kavu la mgomba. Jumamosi Sista alishuka Moshi mjini kwa Khyati, binti wa Kihindu aliyetibu viungo vya watoto, akajifunza kwake namna ya kunyoosha vidole vilivyokakamaa. Pembeni mwa darasa alitandika mkeka, na mtoto aliyehisi moyo unamwenda mbio alikwenda mwenyewe kuketi, akavuta pumzi polepole, kisha akarudi bila kuulizwa neno. Rimu ikaachwa; kipindi kikawa kinaanza kwa mkono ulioinuliwa, naye Stella akarudi shuleni.

Majaribu hayakukawia. Mwaka 1996 wazazi walilalamika kikaoni kwamba Sista anawadekeza watoto. Mwalimu mkuu, Filemon, aliyeogopa matokeo ya mitihani kuliko kitu kingine, akamwondoa darasani, na shirika likampeleka bustanini kulima mboga. Ilimuuma sana, lakini alitii. Aliwaambia masista wenzake kwamba yeye alimwadhibu mtoto asiye na kosa, basi naye apokee sehemu yake. Watoto walimfuata huko kila walipotoka shuleni. Walibeba vikapu vya samadi, uzito ule ukawatuliza, ndipo akawafundisha herufi kwa kijiti kwenye udongo uliolimwa. Mwezi wa saba Filemon alikwenda kuwakataza. Alimkuta Stella, ambaye hakuwahi kumsikia akisoma hata silabi, amechuchumaa akiwasomea wenzake Zaburi, polepole, bila kukosea. Akamgeukia mwalimu wake. "Sista," alisema, "Jumatatu rudi darasani. Nami nitakaa nyuma nijifunze."

Machi 2008 upepo uling'oa bati la darasa watoto themanini wakiwa ndani, nao wakatoka mbio kuelekea korongoni. Wanafunzi wa Sista, wale walioitwa wasumbufu, waliketi chini njiani, wakakumbatia magoti na kuvuta pumzi kama walivyozoea. Waliowafuata wakasimama, kisha wakaketi nao. Hakuna aliyeumia. Watu waliposema ni muujiza wa Sista, alijibu: "Mimi nilikuwa nimeogopa. Hao watoto ndio walionituliza."

Alifariki tarehe 3 Novemba 2019 kwa ugonjwa wa figo, baada ya miezi mingi ya mateso aliyoyabeba bila kunung'unika. Kina mama wa Rau na Marangu huwaleta watoto wao kaburini pake. Mmoja wao, Doris, anashuhudia kwamba mwanawe wa miaka sita, aliyekuwa hakubali kuguswa na mtu, siku alipomleta hapo alijilaza kifuani pa mama yake mpaka akasinzia. Kanisa halijatamka neno juu ya hayo, nasi hatulitangulii. Tunasimulia tulichokiona na kusikia. Lakini mfano wake hauhitaji kusubiri hukumu. Kila aliyekabidhiwa mtoto, awe mzazi au mwalimu, kabla hajamwita mkaidi, na ainame amuulize kinachomuuma, kisha awe na subira ya kungoja jibu, hata likichelewa miaka.